Bustani Iliyohamia kwa Kanyange

Nyakabanda, Nyarugenge,
Kigali.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa dada Médiatrice,

Shikamoo dada. Nakuamkia mara mbili, moja ni yangu na nyingine ni ya shemeji yako Karangwa, ambaye amekaa hapa sebuleni akijifanya anasoma gazeti. Najua anatamani kuchungulia nakuandikia nini kumhusu. Atajua barua ikishafika Kahama.

Hujambo lakini? Magoti yanasemaje siku hizi? Mwanao Shami aliniambia kwamba sasa unapanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa dukani wakageuka. Na shemeji Lushinge, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Mpe salamu zangu za heshima kabla hujamsomea mengine. Sisi huku tuko wazima. Mimi vumbi la kiangazi lilinipa mafua mwezi wa nane yakapita yenyewe. Karangwa anaumwa mgongo, na safari hii simhurumii sana. Utaona sababu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Dada, nimejaribu kukusimulia mambo haya kwa simu mara mbili, na mara zote mbili nilipofika katikati nilishindwa, nikaanza kukuuliza bei ya mchele. Tena Armel, yule jirani yetu dereva wa lori, anapita Kahama wiki hii akielekea Dar es Salaam, na ameapa atakukabidhi bahasha hii mkononi pamoja na paketi mbili za kahawa. Ukikuta paketi ni moja, mwulize yeye.

Unakumbuka picha za posa ya Ingrid, mwaka jana mwezi wa nane? Magoti yalikuzuia kuja, ukazitazama kwenye simu ya Shami, ukatutumia sauti yako ukisema bustani yetu imekuwa kama ya hoteli. Karangwa aliicheza sauti ile kwa kila aliyeingia hapa nyumbani, hata kwa fundi wa bomba. Sasa leo nataka nikueleze habari za bustani ile, kwa sababu haipo tena, na sababu ya kutokuwepo kwake imetukosesha raha tangu Pasaka.

Wewe uko kwenye nchi tambarare, ambako mvua ikinyesha watu wanashangilia. Huku mvua kwanza tunaitazama inaelekea wapi. Kiwanja chetu, tangu tulipokinunua tuliporudi kutoka Karagwe, ni mteremko mtupu; ukiangusha chungwa mlangoni kwetu utaliokota kwa jirani. Tulikikuta kimeshikwa na mistari mitatu ya mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, na mifereji iliyochimbwa kukatisha mteremko, kazi ya mwenye nyumba aliyetutangulia. Hayakuwa mapambo. Mabingobingo yanachana mikono na panya wanayapenda. Tuliishi nayo miaka yote hiyo bila kuyauliza yanafanya kazi gani.

Ikaja posa ya Ingrid. Unajua desturi ya gusaba: lazima mahema mawili yatazamane, la wenyeji na la wageni wanaokuja kuomba binti, na katikati pawe na uwanja wa watu kucheza na wazee kujibizana. Siku hizi wengi wanakodi ukumbi. Shemeji yako akasema binti yake wa kwanza ataombwa nyumbani kwa baba yake, hata kama nyumba iko kwenye mteremko kama ukuta. Basi akang'oa mabingobingo yote. Akafukia mifereji. Akasawazisha udongo, akatandika juu yake paspalamu, zile nyasi fupi ambazo Kigali nzima inazipanda, zinazoletwa zikiwa zimekatwa vipande kama zulia. Nisikudanganye kwamba nilimkanya. Mimi ndiye niliyeshika mpira wa maji nikamwagilia, na ndiye niliyempigia picha.

Posa ilifana, hilo uliliona mwenyewe. Mvua za vuli zilikuwa chache na zulia letu likakaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuuona kabisa kwa sababu tulikuwa tumeufunika majani.

Mwaka huu, Jumapili ya Matawi, mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa. Kama saa nne asubuhi nilikuwa jikoni namimina chai. Nikasikia sauti ya kitu kizito kikiburutwa, nikadhani Karangwa anasogeza kabati. Nilipotazama dirishani, nyasi zilikuwa zimejikunja juu karibu na baraza, kama mkeka ukivutwa na mtu aliye upande wa pili. Kisha zikaondoka. Dada, bustani yote iliondoka mbele ya macho yangu, na vyungu vya maua, na viti vinne vya plastiki, na taa ya jua aliyoichomeka Karangwa. Ilishuka polepole, bado ni ya kijani, haijachanika hata kidogo, ikaenda ikasimama ndani ya jiko la Kanyange.

Kanyange sijawahi kukuelezea vizuri. Ni mjane wa miaka kama sabini, alikulia Bujumbura, akaja kukaa hapa chini yetu mwaka 1997. Ana nyumba ya vyumba viwili, na nyuma yake jiko linaloegemea mteremko wetu. Anapika maharage ya kuuza. Nusu ya mtaa huu hawajui kupika maharage kwa sababu yake: jioni wanashuka na sufuria zao, anawapimia, wanakwenda kula. Siku za mvua, saa nne, huwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage, mgongo wake umeegemea ukuta wa nyuma. Ukuta ule ndio ulioangukia ndani. Siku ile alikuwa kwenye Misa ya Matawi.

Alirudi na matawi yake mkononi akatukuta tumesimama kwenye tope, mimi nalia, Karangwa hana viatu. Akatazama jiko. Akatazama juu, mahali bustani ilipokuwa. Akasema, "Ni mapenzi ya Mungu," akaingia ndani akafunga mlango. Kesho yake asubuhi alipanda kwetu amebeba viti vyetu viwili, akarudi akaleta viwili vingine. Alikuwa ameviosha. Hakusema neno lingine.

Hiyo ndiyo iliyomvunja shemeji yako. Unamjua, ni mtu wa kubishana, akikosea anapenda agombezwe ili ajitetee. Alikwenda kuomba msamaha mara tatu, na mara tatu Kanyange alimjibu, "Ihangane, mzee," kana kwamba aliyefiwa ni yeye Karangwa. Akampa na kigoda akae. Karangwa alirudi akaniambia afadhali angemrushia mwiko.

Wiki iliyofuata wakaja viongozi wa mtaa kukagua. Hawakuwa wabaya, walisema lililo kweli: mteremko umelegea, na nyumba iliyo hatarini ni ile ya chini. Mvua za Septemba zikikuta udongo haujashikwa, Kanyange atahamishwa na nyumba yake itabomolewa, kwa usalama wake mwenyewe. Wakachora alama nyekundu ya X kwenye ukuta wake, upande wa barabarani, ambako kila anayekuja kununua maharage anaiona. Hebu fikiria, dada. Tuliong'oa ni sisi, tuliocheza juu ya zulia ni sisi, na wa kuhama ni yeye.

Tangu siku hiyo sikuwa na wazo lingine. Kila nilipofungua mlango niliiona ile X hata nikiwa nimeipa mgongo.

Tukampata Théoneste. Ni mtu mwembamba, mpole, naye alikulia Burundi, na kazi yake ni kukata matuta ya ngazi kwenye milima, yale yanayozuia udongo. Alikuja mwezi wa sita, kiangazi kimeanza, udongo umekauka umepasuka. Nilitegemea aje na mashine. Alikuja na fito tatu alizozifunga kama herufi A, na kamba yenye jiwe linaloning'inia katikati. Akawa anaitembeza ile A kwenye mteremko, mguu mmoja baada ya mwingine, akitazama jiwe, akichomeka vigingi. Alipomaliza mstari wa kwanza, Karangwa akacheka. Kwa macho yetu vigingi vilikuwa vinapanda mlima.

"Mzee, macho yako iko nakudanganya," Théoneste akamwambia. "Kwa sababu mulima iko nainama, kila kitu utaona imeinama. Jiwe hii haidanganye."

Karangwa akabisha kama saa nzima. Mwisho Théoneste akachimba mfereji mdogo kando ya vigingi, urefu wa hatua ishirini hivi, akaniomba dumu la maji. Akayamimina katikati. Dada, nilikuwa nimechuchumaa pale. Maji yalitambaa kulia kidogo, yakatambaa kushoto kidogo, halafu yakatulia. Yalisimama tuli juu ya mlima ambao chungwa halisimami. Mawingu yakaonekana ndani yake. Nimeishi kwenye mteremko huu karibu miaka thelathini na sikujua kwamba ndani yake kuna mistari ambayo maji yanaweza kupumzika. Nilishikwa na heshima ya ajabu.

"Maji haina kaka, haina shemeji," Théoneste akasema akikunja suruali. Shemeji yako akaenda kuleta jembe.

Kuanzia hapo Karangwa alichimba kila siku, mtu wa miaka sitini na tatu aliyezoea kusaini karatasi. Walikata ngazi nne. Kwenye ngazi ya pili sururu ya Théoneste ikagonga kitu.

Hapa Kigali, dada, chuma kikigonga kitu ardhini watu hunyamaza, wakiwafikiria wale wa 1994 ambao bado hawajapatikana, na hakuna anayeuliza kwa nini. Karangwa alivua kofia. Kanyange, ambaye tangu Matawi alikuwa anapikia barazani chini ya turubai, alitoka akasimama akitazama juu, mkono mdomoni. Théoneste aliweka sururu pembeni, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole. Sijui ilichukua muda gani. Lilikuwa jiwe. Kando yake jiwe jingine, na jingine, yamepangwa kwa mkono bila saruji, na mstari wao ulikwenda sambamba na kamba ya Théoneste, tofauti yake upana wa kiganja.

Mtu aliwahi kukaa hapa, kabla yetu na kabla ya yule aliyetuuzia, akayabeba mawe haya akayapanga palepale ambapo mlima unataka yawe. Tuliuliza mtaani. Hakuna anayemjua, wala anayejua alikwenda wapi. Nilipitisha mkono juu ya mawe yake nikamwomba radhi, yeye pia. Hatukuondoa hata moja. Ukuta wetu umesimama juu ya wake.

Sasa mawe ya ukuta wa chini, ule ulio nyuma ya jiko la Kanyange, yalikuwa mengi na lori haliwezi kupanda kwetu. Liliyamwaga barabarani chini. Karangwa alianza kuyabeba kwa toroli, siku mbili mgongo ukakataa. Hapo ndipo mtaa ulipoamua kwamba kazi yetu ya pamoja, umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, ifanyike kwetu, kwa ajili ya Kanyange. Nilizoea umuganda wa kufyeka barabara na kuzibua mitaro, na mimi huwa nafika nimechelewa nikishika fagio. Siku hiyo walikuja watu wengi mpaka nikaona aibu. Walijipanga mstari mmoja kutoka barabarani mpaka ukutani, mkono kwa mkono, na mawe yakaanza kupanda yenyewe. Fundi viatu alimpa mchungaji, mchungaji akampa yule dada wa saluni mwenye kucha ndefu, naye akampa Karangwa. Hakuna aliyepiga kelele. Ulisikia tu mawe yakipumzika kwenye viganja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kusema hivyo na kuona vidole mia mbili vikifanya kazi ni vitu viwili tofauti. Saa tano lundo la barabarani lilikuwa limekwisha, watu wakanawa, wakakaa kwenye mkutano wao wa kawaida kujadili takataka.

Ikabaki kupanda. Théoneste alisema ukuta peke yake ni mdomo bila meno, lazima mizizi ishike udongo kabla ya Septemba. Alileta vetiva, ni jamii ya majani kama mchaichai wako wa uani ila hayanuki, tukayapanda kwenye kingo za kila ngazi, shina kwa shina, karibu karibu. Kupanda mwisho wa mwezi wa saba Kigali ni wazimu. Kiangazi kimekaza, mbingu nyeupe, na bomba letu linatoa maji siku mbili kwa wiki likijisikia vizuri. Majirani wanaopita juu walitutazama kwa huruma. Mimi mwenyewe niliyaona yale machipukizi yamegeuka rangi ya karatasi wiki ya kwanza, nikajifungia chooni nikalia.

Na hapa, dada, Kanyange alifanya jambo ambalo hatukumwomba. Alianza kuwaambia wateja wake kwamba kiangazi hiki maharage hayatoki bila maji. Anayekuja na sufuria, aje pia na chupa au dumu la maji yaliyokwisha kusuuza nguo au mboga, si ya povu. Basi jioni walikuja: wa Nyakabanda, wa Gitega, mama mmoja wa Kiislamu aliyetoka Rwezamenyo kwa miguu na dumu kichwani. Wanapimiwa maharage, wanapanda kwetu, wananywesha mistari miwili mitatu, wanashuka. Wengine sikuwahi kuwaona maishani. Mstari ule wa watu wenye sufuria mkono huu na chupa mkono ule, wakipanda mlima mkavu kunywesha majani ya watu wengine, nitakufa nikiukumbuka. Kanyange mwenyewe alipanda kila asubuhi na beseni lake. Tulimsalimia, alituitikia vizuri, akanywesha, akashuka. Bado hakusema kitu.

Mwisho wa mwezi wa nane Théoneste aling'oa shina moja la pembeni ili atuonyeshe. Majani yalikuwa yamefika goti tu, nikavunjika moyo. Akatikisa udongo. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, nyeupe, imenyooka kwenda chini. Majani yale yalikuwa yameteseka juu huku chini yakifanya kazi ambayo hatukuiona. Karangwa aliushika ule mzizi kwa mikono miwili kama anavyoshika mtoto wa Ingrid.

Nikutajie upesi vilivyopo sasa, kwa sababu najua utauliza. Ngazi ya juu kuna miche miwili ya parachichi. Inayofuata nimeweka ibinyomoro, yale matunda mekundu marefu uliyoyakataa ulipokuja, ukasema yana ladha ya nyanya iliyokasirika. Chini yake marakuja yanapanda kwenye kamba, na mchicha, ambao huku tunauita dodo. Ndiyo, mchicha wangu umeota, mimi ambaye kwa mama niliua hata boga. Karangwa ameruhusiwa na Théoneste kipande cha paspalamu kisichozidi upana wa kitanda, mlangoni, penye tambarare. Anakifyeka kwa mkasi.

Mvua ilikuja Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na nane, saa nane mchana. Tangu asubuhi anga ilikuwa ya rangi ya sufuria. Kanyange alikuwa amerudi kupikia jikoni, tulishamjengea ukuta wake wa nyuma. Matone ya kwanza yalipoanguka, Karangwa alichukua mwamvuli akaniambia anashuka. Nikamwuliza kufanya nini, hawezi kuushika mlima kwa mikono. Akasema kama utashuka tena, na umkute yeye jikoni. Nikavaa kandambili nikamfuata.

Tulimkuta Kanyange kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, anachambua maharage. Hakushangaa. Alisogeza ungo katikati, nasi tukakaa chini tukachambua. Mvua ikaja yote. Sijawahi kusikia kelele kama ile kwenye bati. Mdomo wa Karangwa ulikuwa unacheza, sijui alikuwa anaomba au anahesabu. Kila nilipogusa ukuta nyuma yangu nilihisi ubaridi, nikawa nangoja ile sauti ya kitu kuburutwa. Tulikaa hivyo zaidi ya saa moja, watu wazima watatu, tukitenga mawe na maharage, na mimi nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe. Nilifikiri pia juu yenu. Nilifikiri kwamba sijakuandikia.

Kisha kelele zikapungua, zikawa matone. Tukatoka nje kwa nyuma.

Dada, sijui nikuelezeje. Ukuta ulikuwa umesimama, na juu yake ngazi zote nne, na vetiva imelala kidogo kwa uzito wa maji. Kwenye kila ngazi maji yalikuwa yametulia kwenye mfereji wake, yakisubiri zamu, yakishuka taratibu pembeni kwenye mawe. Na kwenye matundu aliyoyaacha Théoneste chini ya ukuta, yalikuwa yanatoka maji masafi. Si tope. Mwezi wa nne mlima huu ulikuja kama uji wa ulezi, na sasa ulikuwa unatoa maji ambayo ningeweza kuoshea mchele. Nilipiga magoti palepale kwenye unyevu. Nilimwogopa Mungu, nikampenda, yote pamoja.

Mkuu wa mtaa akatokea na mabuti yake. Anazunguka milima yote mvua ikiisha. Akapanda, akaingiza fimbo kwenye udongo huku na huku, akainama kwenye matundu, akakinga maji kiganjani akayatazama. Akashuka kwa Kanyange. "Mama, utabaki," akasema. "Ile alama nitamwambia mtu aje aifute." Akaenda kwa jirani wa pili.

Kanyange alisimama akimtazama mpaka akapotea. Akaweka ungo chini. Akamgeukia shemeji yako.

"Karangwa!" Mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina, siku zote ni mzee. "Wewe mutu muzima, na masomo yako yote, unang'oa mabingobingo ya watu juu ya kuweka kapeti? Kapeti inje? Kapeti iko naweka ndani ya nyumba! Miaka makumi mbili na nane napika hapa, hata kifuniko haijaanguka. Ungeniua! Unasikia? Ungeniua, halafu ungekuja kwenye kilio yangu na tai! Na wewe Mukunde, usijifiche nyuma ya mwamvuli, nilikuona ukimwagilia!"

Karangwa alijaribu kusema pole. Akamkatiza kwa mwiko, safari hii alikuwa nao mkononi.

"Nyamaza! Nilikuwa na hasira tangu Matawi. Nilikuwa naiweka. Nilisema, nikigombana na hawa watu halafu nihame, nitahama na roho mubaya, nitakufa nayo huko nitaenda. Sasa sihami. Sasa utasikia yote!"

Na tukasikia yote, dada. Majirani walitoka, wengine na sufuria zao, wakasimama kungoja maharage na kusikiliza. Shemeji yako, ambaye hajawahi kugombezwa bila kujitetea, alisimama kwenye tope na kofia mkononi, machozi yanamtiririka, na kila alipopumua Kanyange yeye aliitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Miezi mitano mwanamke yule alikuwa anatuosha viti na kutupa vigoda, na sasa alikuwa anatupigia kelele kama mtu ambaye kesho, na kesho kutwa, na mwakani, atakuwa bado anaishi hapo chini yetu.

Mpaka leo hajamaliza. Asubuhi hii tukitoka ibada alituona barabarani akaanzia pale alipoachia.

Basi dada, niishie hapo, Armel anapiga honi. Msalimie sana shemeji Lushinge, na Shami, na mjukuu Pretty, umwambie shangazi Ingrid na mumewe Keith wanambusu, na mtoto wao ameanza kucheka. Wasalimie wote waliotusaidia kumzika mama. Mungu aishike ardhi mnayoikanyaga na awape mvua ya kiasi chenu, na magoti yako ayape nguvu za kunifikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye popote niliposimama,

Mukunde